Ubeti wa Pili

Mwanangu Rukia,

Mama yako hakukuchukua kwenda sokoni kwa ajili ya soksi. Soksi unazo za kumtosha jongoo. Nimemwomba mie akutoe humu ndani baada ya chakula cha Ijumaa, nibaki peke yangu na meza na kalamu, maana ukinikuta naandika utauliza, "Baba, unaandika nini?" nami nitatia mzaha, na barua itafia hapo hapo. Sanduku lako liko karibu na mlango, mama yako kalifunga kamba kana kwamba unakimbia vita. Sitakwambia uvae nini wala ule nini huko Berlin. Yeye keshakwambia mpaka sanduku limesikia, na kesho asubuhi uwanja wa ndege atakwambia tena mbele ya watu.

Mie nina neno moja tu. Lakini unanijua, baba yako hata neno moja halifiki ila kwa njia ya mzunguko.

Juzi nilikusikia ukizungumza na rafiki yako Husna kwenye simu. Sikutega sikio, wallahi. Nyumba zetu hizi za Najma, hapa Doha, ukipiga chafya jikoni jirani wa juu anakuitikia "afya". Ulimwambia, "Husna, huenda nisipande ndege. Mie nani wa kwenda kusomea nyimbo za Mayahudi? Mtoto wa Najma, asili yangu Unguja. Yule bibi nilimliza mbele ya mwanawe. Nilimharibia wimbo wake." Halafu ukalia. Nami nimesimama kwenye ujia na sahani ya wali mkononi, sijui niingie au nirudi jikoni.

Niliingia. Nikakwambia, "Rukia, yule bibi alifurahi." Ukanitazama kwa huruma, ukasema, "Baba, unanipoza tu." Basi, kwa mdomo nimeshindwa. Sasa kaa kitako usome mpaka mwisho, kwa sababu nataka kesho upande ile ndege, tena upande kichwa juu.

Tuanze mbali kidogo. Klarineti yako uliipata shuleni, mwalimu wa bendi alipokuwa anaondoka Doha akakuachia. Siku ile nilicheka sana. Nilikwambia lina vifungo vingi kama kanzu ya padri. Babu mpiga fidla, baba mpiga fidla, tena fidla ya taarabu, halafu mtoto anatuletea bomba jeusi! Nikasema, litamchosha, litaingia uvunguni. Halikuingia uvunguni. Ukaanza kuchimba kwenye mtandao, ukapata sauti za santuri za zamani za Mayahudi wa Ulaya ya Mashariki, wapiga muziki wa harusi waliokuwa wakisema Kiyidishi, na kila alasiri ukawa unawafuatisha chumbani mwako. Mara ya kwanza kusikia nilimuuliza mama yako nani kamkanyaga paka.

Halafu siku moja natoka kunyoa, uso una sabuni, nikaganda. Ulikuwa unapanda sauti ninazozijua tangu sijaota ndevu. Hijazi! Maqamu ile ile ya taarabu aliyonifundisha marehemu babu yako kwa kunipiga vidole. Nikafungua mlango bila hodi. "Umeitoa wapi hiyo?" Ukasema, "Baba, hii ni ya harusi ya Kiyidishi, imetoka huko Ukraine." Nikasema, "Ukraine gani, mwanangu? Hiyo Hijazi." Ukacheka mpaka ukakaa kitandani, kwa sababu sabuni ilikuwa inanidondoka shingoni na mie sina habari. Nadhani ndiyo siku ya kwanza tulipozungumza muziki kama watu wawili wa kazi moja.

Na lipo jambo la upande wangu ambalo hulijui. Nilipoanza kupiga fidla kwenye ukumbi wa chai wa hoteli, meneja wa wakati ule alinisikiliza siku chache, kisha akaniita pembeni akanambia nipunguze kilio. Wageni wamekuja kunywa chai, alisema, hawakuja matangani. Nami nikapunguza. Nilipunguza kwa bidii ya mtu mwenye mtoto wa kusomesha, mpaka fidla yangu ikawa haijulikani kwao wapi. Mshahara siujutii, ulikulea. Nilichokosea ni kudhani kwamba kile kilio nimekiweka mahali, siku nikikitaka nitakikuta. Nikaja kukitafuta, hakipo! Mikono inakwenda, uta unakwenda, lakini wimbo umekauka. Miaka mingi nilipiga hivyo, na watu wakapiga makofi, na mie nikarudi nyumbani nikiwa na njaa isiyo ya chakula.

Ndipo ukaja weye na ile sauti yenu ya Kiyidishi, ile inayokwama kooni kidogo kama mtu anayezuia kwikwi. Nikaanza kukuiga kwa siri, mlango nimefunga. Mie, mwanafunzi wa mwanangu! Lakini haikuchukua muda, uta wangu ukaanza kulia tena, na ulipolia ulilia Kiunguja. Nilitoka chumbani nikamkumbatia mama yako, akadhani nimeshinda bahati nasibu. Huko uendako watakuwapo watu wa kukwambia upunguze, na wengi wao hawatakuwa wabaya, watakuwa na chai yao tu. Wasikilize kwa adabu. Ukifika chumbani kwako, piga yote.

Basi mezani kwetu ikawa kila siku habari zao. Ukatueleza kwamba kwenye harusi za Kiyidishi alikuwapo mtu wa mashairi, kazi yake kumliza bi harusi kwa maneno ya papo kwa papo kabla hajafunikwa shela. Mama yako akasema, "Hata somo wetu anayemfunda mwari angemweza huyo." Ukatueleza kwamba sherehe ikiisha wapiga muziki huwasindikiza wakwe na wageni wa heshima hadi makwao, wakipiga njiani mtaa mzima, kila mtu mpaka mlangoni kwake. Nikasema, "Kazi ya ziada hiyo! Nani analipa?" Mama yako akajibu, "Wewe ungewasindikiza mpaka kituo cha basi, kisha ungeangalia saa." Nikadhani haya yote ni mambo ya makumbusho, na nikasema hivyo, ukanikasirikia kweli kweli. "Baba, watu wanatunga leo hii! Wasichana wa rika langu wanaandika mashairi mapya kwa Kiyidishi, wanatia ngoma za kompyuta, wanagombana, wanachekesha." Ukanitilia simu masikioni. Nikasikiliza. Nikakuta wamo watu hai humo.

Na siku nyingine ukanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba wengi wa wenye nyimbo zile waliuawa katika ile vita kubwa ya Ulaya, mji baada ya mji, wapigaji na waliokuwa wakipigiwa, na nyimbo nyingine zimebaki kwenye santuri tu. Siku ile sikutia mzaha.

Kisha ukahamia kwa ndugu zao Wasefardi, Mayahudi waliofukuzwa Uhispania zamani za kale, wakatawanyika Uturuki na Ugiriki na Moroko, wakaenda na lugha yao ya Kiladino na nyimbo za kina mama: za kumwogesha bi harusi hamamuni, za harusi yenyewe, za kubembeleza watoto. Na wanawake wenyewe ndio wapiga dufu. Mama yako aliposikia wanawake na dufu akaweka kijiko chini. "Hao watu wetu," akasema, na toka hapo akawa upande wako, mie nimebaki peke yangu.

Humo ndimo ulimouokota ule wimbo wa kubembeleza. Mwanamke wa Izmir asiyejulikana jina, santuri inakwaruza kama vitunguu kwenye mafuta, na beti mbili fupi. Uliutoa neno kwa neno, ukawaandikia watu wa mbali wakusahihishe matamshi, ukaurudia mpaka mie nikaupiga usingizini. Maana yake sikukuuliza. Hiyo ndiyo tabia yangu mbovu ya tangu zamani, mpiga fidla hujiona maneno ni kazi ya mwimbaji. Nimepiga nyimbo za mapenzi nikidhani za msiba, na za msiba nikitabasamu. Uwe unauliza maana, mwanangu. Mie sikuwa nikiuliza, na utaona imenipata wapi.

Mama Swabra wa ghorofa ya chini, Mmombasa wetu, mwanamke wa kheri ila ulimi wake hauna pazia, alinisimamisha kwenye ngazi. "Mzee wa fidla, wakati huu, na haya tunayoyaona kwenye televisheni, mwanao ndiyo kwanza anashika nyimbo za Mayahudi?" Mwanangu, nilikuwa natoka msikitini kuwaombea dua watoto wa Gaza, moyo wangu umejaa. Nikapanda nikakuuliza weye. Hukufoka. Ulisema, "Hata mie naomba dua hiyo hiyo, Baba. Lakini mama anayembembeleza mwanawe alale, ana kosa gani?" Nikateremka nikamwambia Mama Swabra vile vile. Akafikiri kidogo. Akasema, "Haya, basi naye apige mapema, mjukuu wangu analala saa mbili." Na tangu hapo ukianza tu, dirisha lake linafunguka. Unadhani nani aliyemlaza yule mjukuu mwezi mzima uliopita?

Haya. Sasa tunafika kwa yule daktari.

Alikuwa anapita ukumbi wa chai siku ile uliyokuja kazini kwangu tukaupiga wimbo huo wawili, akasimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Mturuki, Myahudi kwa asili, anaishi The Pearl, kile kisiwa cha matajiri, na mkewe. Akatuambia mama yake amekuja kumtembelea, anatimiza miaka themanini, na wimbo huu huu huwa anauimba kwa sauti ya chini akifua leso zake. Je, tungekuja kumpigia kwenye karamu yake? Weye uso ulikung'aa kwa furaha. Mie nilikuwa nafikiria nitavaa koti gani.

Alasiri ile ya The Pearl unaikumbuka kwa upande wako. Sasa chukua upande wangu.

Tulianza na ngoma ya harusi ya Kiyidishi, na Ssali, rafiki yangu Mganda dereva wa teksi, anatupigia dumbak, ngoma ndogo ya viganja, kwa mapigo ya kidumbaki cha kwetu Unguja uliyomfundisha. Mkutano wa namna gani ule, mwanangu! Mkewe daktari alivua viatu. Wahudumu wanagonga sinia kwa vidole. Ssali ananipigia kelele, "Mzee, huyu mtoto ni moto, si wako huyu!" Nami najibu kwa uta kwamba ni wangu. Kisha ukatuliza watu kwa mkono, ukaingia kwenye wimbo wa kubembeleza.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpiga taarabu tu ndiye anayeweza kulifanya. Unajua kwetu mtu akinyanyuka kuja kutunza wapigaji kwa pesa, ukumbi mzima unamtazama, anakuja kwa madaha, mkono juu, na mpigaji haruhusiwi kumaliza wimbo mtu yuko njiani. Unazungusha. Unarudia mpaka afike, atoe alichotoa, arudi kwenye kiti chake kwa heshima zake. Basi ninamwona bibi mwenye siku yake ananyanyuka kutoka meza ya mwisho. Mkongojo mkono mmoja, mkoba mwingine, anakuja moja kwa moja kwetu. Nikasema moyoni: tunatunzwa! Nikamkonyeza Ssali, rudi mwanzo. Tukazungusha. Bibi anapita meza moja, anapumzika, anapita nyingine. Tukazungusha tena. Niliposhika zamu ya fidla ukaninong'oneza kwa hasira, "Baba, wimbo huu hauzungushwi hivi!" Nikakujibu, "Nyamaza, tunatunzwa."

Akafika. Akafungua mkoba. Akatoa leso, akajifuta midomo, akaikunja akairudisha, akaanza kuimba.

Ya Rabi! Nilitamani sakafu inimeze. Lakini hebu fikiri, lau si uroho wangu wa kutunzwa, bibi yule angefika wimbo umekwisha. Aliimba ubeti wa kwanza wote, sauti ndogo, kavu, lakini haikutetereka hata mahali pamoja. Watu hawakugusa hata uma. Tukavuka kuingia ubeti wa pili, na yeye akanyamaza. Akakutazama. Weye ukadhani amesahau. Ukaitoa klarineti mdomoni, weye unayesema kila siku kwamba si mwimbaji, ukamwimbia ubeti wa pili kwa Kiladino, huku umemkazia macho. Na yeye akajifunika uso. Daktari akaruka kumshika, bibi akatikisa kichwa, akageuka, akatoka nje ameshikwa mkono. Weye ukaiweka klarineti kwenye kiti ukakimbilia jikoni, na mpaka leo unachokiona ni ule mgongo wake ukitoka mlangoni.

Mie nilitoka nyuma yao. Sikujua naenda kufanya nini. Kituruki sijui, Kiladino sijui, Kiingereza changu ni cha kuulizia bei. Nilikuwa na fidla mkononi tu. Wamefika kando ya gati, kwenye zile boti za matajiri, nikaona wanakwenda kwa miguu, nikakumbuka wale wapigaji wako wanaosindikiza wageni. Nikaweka fidla begani, nikapiga ule ubeti, polepole, nikiwafuata nyuma kwa hatua kadhaa kama mtu asiyetaka kusumbua. Bibi akasimama. Akageuka. Uso umelowa, Rukia, lakini meno yote nje. Anacheka! Akanizungushia kidole: tena. Nikapiga tena. Akamwambia mwanawe maneno mengi kwa haraka, na daktari wa watu, mtu mzima, naye analia kama mtoto, akanitafsiria kwa Kiingereza chepesi ili nimwelewe.

Akasema: mama yake bibi alikuwa akimwimbia wimbo huo kila siku wakati wa kulala. Na yeye alikuwa mtoto wa usingizi mwepesi wa kuja. Ubeti wa kwanza haukuisha hata siku moja macho yake hayajafumba. Kisha mama akafariki, bibi bado mdogo wa kubembelezwa, na nyumba ile hapakuwa na mwingine aliyeujua. Maisha yake yote alidhani wimbo umeishia pale. Hakusahau ubeti wa pili, mwanangu. Hakuwahi kuusikia. Kila siku ulipoanza, alikuwa amelala.

Nikauliza, mie niliyekuwa siulizi: unasema nini huo ubeti?

Daktari akamuuliza mama yake, akanipa neno kwa neno. Wa kwanza, mama anamwambia mtoto alale, usiku ni mrefu, mlango ameufunga, hakuna wa kuingia. Wa pili anamwambia: ukikua nitaufungua kwa mkono wangu, uende utakako, nami nitaimba nikiwa kizingitini mpaka usinisikie.

Weye ulikuwa unaijua maana hiyo siku zote. Uliimba ukiijua. Lakini hukujua unamwimbia nani. Bibi akapiga mkongojo chini, akasema kitu, daktari akaangua kicheko katikati ya kilio. Anasema, "Miaka themanini! Leo ndiyo mama yangu ananiruhusu kutoka nje!"

Sasa sikiliza tulivyokwenda. Bibi hakutaka gari liletwe. Akashika mkono wa mwanawe, akaanza kutembea na kuimba, beti zote mbili, ule wa pili akiusoma midomoni mwangu kwa sababu mie nilikuwa nautamka ovyo kwa kukuiga weye, naye ananisahihisha kwa kunipiga bega. Ssali akatokea mbio na dumbak chini ya kwapa. Mlinzi wa maegesho, Mkenya mrefu yule, akanyanyua mkono akasimamisha magari yote, yale ya mamilioni, mengine yanapiga honi. Akanambia, "Mzee, we piga tu. Hizi gari zitangoja." Watu wametoka kwenye roshani, wengine wamebeba watoto. Mie sijawahi kupiga fidla hivyo, si Unguja, si Dar, si mahali popote. Nililia na uta ulilia na hapakuwa na wa kutuambia tupunguze. Tuliwafikisha mpaka mlango wa jengo lao. Bibi akauliza, "Yule msichana wa nani?" Nikajipiga kifua. Wangu. Mie. Wa kwangu.

Na weye uko jikoni, kichwa kwenye karai la vyombo, mpishi anakupa maji ya kunawa.

Utauliza kwa nini sikukwambia yote haya kwenye teksi ya Ssali wakati wa kurudi. Nilianza. Nikaanza na kichekesho cha kutunzwa, kama kawaida yangu, ukaziba masikio, na ulikuwa na haki. Kisha nilipofika nyumbani nikataka kuanza upya, nikakuta hadithi haiishi mpaka niyataje maneno ya ubeti ule. Na majibu ya chuo cha Berlin yalikuwa yamefika wiki ile ile, yamo kwenye simu yako, umekubaliwa. Mwanangu, jaribu weye ukiwa na mtoto mmoja tu, umsimulie kwa mdomo wako maneno hayo, uone kama sauti itatoka. Mama yako alijaribu kunisaidia, tukaishia kulia wawili jikoni na kusingizia vitunguu. Nilikuwa naogopa. Ndiyo basi, nimesema. Bado naogopa hivi sasa.

Lakini uoga wangu nitakaa nao mwenyewe, si mzigo wako. Wako ni huu wa kuuliza "mie nani", na huo nataka uuache hapa hapa Najma. Huko darasani watakuwapo wajukuu wa wenye nyimbo, na wana haki kuliko weye, kubali hivyo wala usione haya. Kaa karibu nao. Kosea mbele yao wakusahihishe, hata kwa kukupiga bega. Wakikuuliza kwa nini msichana wa Kizanzibari anapiga muziki huu, usiwape hotuba. Mie hotuba zangu zote za maisha zimeniponza. Wapigie.

Na bado sijamaliza. Jana baada ya Isha, weye uko chumbani kwako, daktari alinipigia simu. Mama yake amesharudi Istanbul, yuko na kitukuu chake cha kike cha miaka mitatu, na kila usiku ni yeye anayekilaza. Akaniunganisha na bibi mwenyewe. Hatukuwa na lugha, tukawa tunacheka tu. Kisha bibi akaiweka simu karibu na mtoto, nikasikia akimwimbia. Ubeti wa kwanza ukaisha, nikasikia kijisauti kinadai kitu, kwa ukali, kama weye ulipokuwa ukidai maziwa. Nikamuuliza daktari, mtoto anataka nini?

Anasema, "Analala akishausikia wa pili. Bila wa pili hafumbi macho."

Kwa hiyo Istanbul sasa yupo mtoto anayejua wimbo ule unaishaje, na ataujua akiwa na miaka themanini, na hajui kwamba ulimfikia kutoka chumba cha nyuma cha ghorofa ya tatu, Najma, kwa binti yangu.

Radhi yangu unayo, ya mama yako unayo, kubwa na ndogo, ya leo na ya mbele. Nasikia viatu vyenu kwenye ngazi, mama yako anagombana na weye kuhusu soksi. Naikunja hii naitia chini ya klarineti.

Kesho nitakufungulia mlango mimi mwenyewe. Panda ndege, mwanangu.

Baba yako